Majina ya Waliosimama Nyuma

Mwaka 1919, kando ya ziwa dogo liitwalo Kalksee katika kijiji cha Woltersdorf, mashariki mwa Berlin, mwelekezi wa filamu Joe May alijenga Afrika yake. Alikuwa akitengeneza filamu ya kimya yenye sehemu nane, Die Herrin der Welt, iliyotokana na riwaya ya Karl Figdor. Mkewe, Mia May, aliigiza Maud Gregaards, mwanamke anayezunguka dunia akiisaka hazina ya Malkia wa Sheba ili apate nguvu za kulipiza kisasi kwa adui yake. Hadithi inaanzia China, na katika sehemu ya nne na ya tano inatua Afrika: kwanza kwa mfalme aitwaye Makombe, kisha Ofiri, mji wa kale wenye dhahabu. Ilioneshwa kwa mfululizo kati ya Desemba 1919 na Januari 1920, na watu wakafurika kwenye kumbi za sinema. Leo wanaoifahamu ni wapenzi wachache wa filamu za kale.

Mimi ni mtu wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Nyatike, Kaunti ya Migori nchini Kenya, na kilichonivuta kwenye filamu hii ni mwaka wake. Miaka mitano kabla ya Afrika ya Woltersdorf kusimamishwa, Wajerumani walikuwa hapa kwetu hasa. Septemba 1914 jeshi lao lilivuka mpaka kutoka kusini na kuingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo vita vikali vikapiganwa pale. Waingereza wakaituma meli Winifred kuja kushusha askari Karungu. Ikakutana na boti ya Wajerumani iliyoitwa Muansa, yenye silaha, ikalazimika kugeuza. Winifred ikarejea ikiwa na mwenzake, Kavirondo, na safari hiyo Muansa ndiyo iliyoondoka. Ghuba ambayo wavuvi wa Sori, hapa kwetu Karungu, wanaivuka kila usiku iliwahi kuwa uwanja wa vita vya Ulaya.

Wajerumani wakashindwa. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Machi 1919 akapita chini ya Lango la Brandenburg mjini Berlin, umati ukimshangilia kama mshindi. Tarehe 28 Juni mwaka huohuo mkataba wa Versailles ukaipokonya Ujerumani makoloni yote. Miezi sita baadaye watu walewale walikuwa wamekaa gizani wakiitazama Afrika yenye dhahabu, wafalme na mwanamke mweupe anayeibuka mshindi. Nchi waliyonyang'anywa mezani walirudishiwa kwenye pazia.

Naelewa jinsi mtu aliyepoteza kitu anavyojichorea picha yake. Sisi pia hufanya hivyo. Mzee aliyeuza shamba hulisimulia kubwa kuliko lilivyokuwa. Lakini picha hiyo ya Woltersdorf ilihitaji watu weusi wa kusimama ndani yake, nao walipatikana. Waafrika waliokuwa wakiishi Berlin, wengi wao kutoka yaliyokuwa makoloni ya Ujerumani, waliajiriwa kuwa wapiganaji, watumishi na wapagazi wa Afrika ya plasta. Walikuwa mabaharia, wahudumu wa mikahawa, wasanii wa sarakasi. Vita vilikuwa vimewazuia ugenini, kazi zilikuwa haba, na ujira wa siku wa filamu ulikuwa ujira. Nyuso zao zilionekana na maelfu ya watu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote kwenye filamu.

Filamu ya kimya ina tabia yake. Waigizaji wanazungumza kwelikweli. Ukitazama midomo yao utaona maneno yakitoka, na mwelekezi alikuwa akiwapigia kelele kazi ikiendelea. Mitambo ya wakati ule ndiyo isiyonasa sauti. Kisha mtu mwingine, katika chumba kingine, huketi na kuandika vibao vya maandishi vinavyopachikwa kati ya picha, na mtazamaji huamini kwamba maneno ya kwenye kibao ndiyo yaliyotoka mdomoni. Mhusika mkuu huandikiwa vibao vingi, wa pili vichache. Aliyesimama nyuma na mzigo kichwani haandikiwi hata kimoja, kwa hiyo watazamaji wanamwona kama mtu asiyekuwa na la kusema.

Nyanya yangu alipokuwa hai nilimwonesha kipande cha filamu ya kimya ya Kijerumani ya miaka ile kwenye simu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akaishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho. Bibi wa Kizungu alipita mbele, akatupa mikono, akalia machozi, nyanya hakumjali. Alikuwa akimfuata kwa jicho kijana mweusi aliyekuwa pembeni.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Nyanya, huyo ni mtu wa filamu tu, hajulikani."

"Hapana, mjukuu wangu. Hakuna mtu asiyejulikana. Labda nyinyi ndio hamumjui."

Akanirudishia simu, akaendelea kupepeta omena zake. Nimesoma mengi kuhusu filamu za kale tangu siku hiyo, na bado sijapata hukumu fupi na ya haki kuliko ile. Kwetu mtu haulizwi kwanza anafanya kazi gani. Huulizwa ni mtoto wa nani, ametoka kwa kina nani, mama yake aliolewa kutoka wapi. Swali hilo humweka mtu mahali pake duniani. Asiyeulizwa huwa ameachwa nje.

Baada ya hapo nilianza kuona kwamba hata ardhi yetu imesimuliwa kwa mtindo wa filamu ya kimya. Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza, Felix Oswald, alikuja Karungu kuchimba mabaki ya wanyama wa kale kwa niaba ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Udongo wetu una mifupa ya mamilioni ya miaka, ikiwemo ya Deinotherium, mnyama wa ukoo wa tembo ambaye pembe zake zilitoka kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Ni kazi kubwa aliyoifanya, na sayansi ya Afrika Mashariki inamshukuru. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1915, na jina lililo kwenye jalada linasema kwamba alikuwa peke yake katika nchi ya malale.

Malale yalikuwepo, na yaliua watu wengi sana kandokando ya ziwa hili miaka ile. Hilo la kuwa peke yake ndilo lililonikaa moyoni. Hakuna Mzungu aliyefika Karungu wakati ule bila watu wa kumbebea hema, maji, chakula na masanduku ya mawe. Kulikuwa na wa kupika, wa kushika sururu, wa kumwonesha korongo lenye mifupa baada ya mvua. Mtu aliyezungukwa na watu namna hiyo anaweza kujihisi mpweke kwa dhati, kwa sababu hamna anayezungumza lugha yake wala anayekumbuka nyumbani kwao. Simlaumu kwa upweke wake. Najifunza tu kwamba inawezekana kula chakula cha mtu, kulala chini ya hema alilolisimamisha, kutembea nyuma yake porini, kisha ukahesabu waliokuwepo na kupata mmoja.

Vita vilipokuja, hesabu ya namna hiyo ikawa ya kufisha. Majeshi ya Uingereza yalihitaji watu wa kubeba risasi na unga hadi ndani kabisa ya nchi ambayo leo ni Tanzania, mahali ambapo mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa ameliongoza jimbo letu la Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya wapagazi. Wanaume wa upande huu walichukuliwa kwa wingi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, njaa, homa ya mapafu na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba katika majina yao kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao mpaka leo, ingawa wengi wanaonunua viatu na vikapu pale hawaijui habari hiyo.

Mmoja wao alikuwa baba wa babu yangu. Alitoka nyumbani akiwa na mke na mtoto mchanga, hakurudi, na familia haikuletewa habari yoyote. Hatujui alianguka upande gani wa mpaka. Nyanya yangu, aliyeolewa na mwanawe, ndiye aliyetuhifadhia jina lake. Mtoto wa kaka yangu alipozaliwa na kulia usiku kucha, wanawake walianza kumtajia majina ya waliotutangulia, moja baada ya jingine, kama ilivyo desturi yetu ya Kijaluo. Jina la mpagazi lilipotajwa mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala. Leo jina hilo linaitwa darasani kila asubuhi na mwalimu anayechukua mahudhurio.

Serikali iliyomchukua haikuwa na desturi kama hiyo. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, wamesimama wanaume watatu wa shaba kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika wa vita vile. Nimewahi kuzunguka msingi wa sanamu ile taratibu, nikitafuta. Kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili ya kuwasifu kwa jumla. Hakuna jina hata moja la aliyekufa. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Kizungu waliokufa karibu nao walikumbukwa kwa majina yao. Radhi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100 kufika, na waliostahili kuisikia walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Linganisha na tangazo la kifo tunalolisikia redioni huku kwetu. Msomaji anataja marehemu, mtoto wa fulani, mume wa fulani na fulani, baba wa hawa, mkwe wa wale, ndugu wa aliye Mombasa na aliye Nairobi, mjukuu wa nyumba ile. Wageni hushangaa urefu wake, na kila jina hulipiwa. Familia isiyo na pesa ya sanduku zuri bado itatafuta pesa ya tangazo. Nilipokuwa kijana niliyaona matangazo hayo kama gharama isiyo na faida. Siku hizi naamini ni miongoni mwa mambo yenye hekima kubwa tuliyo nayo. Jamii nzima inakataa kwa sauti, hewani, kwamba mtu aweze kupita duniani bila kuorodheshwa pamoja na wenzake.

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo lilikuwa mashine tu, na kwamba filamu zilipopata sauti kila mmoja alipata nafasi ya kusema. Maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed yanatufundisha vingine. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na vita vilipoanza akawa askari angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kwenda wizara ya mambo ya nje kudai mishahara ya vita, wake na wa marehemu baba yake, ambayo haikuwahi kulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akabaki huko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu, na akaigiza.

Hizi sasa zilikuwa filamu za sauti. Mwaka 1941 alikuwemo katika Carl Peters, filamu ya kumtukuza mkoloni Mjerumani wa jina hilo, ambaye ukatili wake ulimfanya afukuzwe kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897. Mahjub aliigiza Ramasan, mwongoza njia wa Peters. Mdomo wake ulifunguka na sauti yake ikasikika, ila maneno yalikuwa ya waandishi wa Berlin, na kazi ya maneno hayo ilikuwa kuwahakikishia Wajerumani kwamba Waafrika waliwapenda. Mwaka huohuo akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi. Mtu anaweza kupewa kipaza sauti na bado akawa anasoma kibao cha mwingine. Ninapomtafuta Mahjub mwenyewe simpati katika Carl Peters. Nampata kwenye dai lake la mshahara, akiwa mbele ya ofisa wa wizara, akihesabu miezi yake na ya baba yake. Pale aliyatunga maneno mwenyewe, kwa haja yake mwenyewe, na yalihifadhiwa katika majalada ya serikali iliyomkatalia. Mwaka 2007 bamba dogo la shaba lenye jina lake lilipachikwa kwenye njia ya miguu ya mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akiishi.

Kabla yake alikuwepo Mkameruni, M'bebe Mpessa, mzaliwa wa Douala, aliyejulikana kwenye filamu kama Louis Brody. Mwaka 1921 alionekana katika filamu ya kimya ya Fritz Lang, Der müde Tod. Mei mwaka huohuo, Berlin ikiwa imechafuka kwa kampeni ya chuki dhidi ya askari Waafrika wa Ufaransa waliokuwa kwenye bonde la Rhine, aliandika gazetini kuwatetea Waafrika waliokuwa wakitukanwa na kupigwa mitaani. Mwelekezi alimpa vazi na mahali pa kusimama. Maneno aliyatafutia ukurasa mwenyewe.

Nayachukua maisha ya watu hawa wawili kama somo kwa kijana yeyote wa Karungu anayeingia kwenye kazi ya mtu mwingine, iwe Nairobi, Doha au Berlin. Fanya kazi, pokea ujira, simama unapoambiwa usimame kama lazima. Ila uwe na mahali pako pa kusemea kwa maneno yako. Andika barua. Weka nakala ya mkataba. Dai lako liandike na ulitie tarehe, hata kama leo watalikataa, maana siku moja karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba ulikuwa na fikra zako.

Somo la pili ni letu tunaowaajiri wengine, nalo ni gumu zaidi kwa sababu halituruhusu kulaumu Wazungu. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Sori, taa za wavuvi wa omena zinaenea ziwani kama mji. Kila boti ina namba ya usajili na jina lililopakwa rangi ubavuni. Mwenye boti anajulikana mpaka Migori. Vijana wanaovuta nyavu humo huhamahama, leo boti hii, kesho ile, na mara nyingi tajiri anawajua kwa lakabu tu. Upepo ukivuma ghafla na boti ikapinduka, jambo la kwanza linalotakiwa ufukweni ni kujua nani walikuwemo. Bila majina, watafutaji hawajui watafute wangapi, wala wapige simu kwa mama yupi. Daftari la shilingi hamsini, kalamu, na dakika chache kabla ya nyavu kupakiwa vingeweza kuondoa aibu hiyo. Mwenye boti anayefanya hivyo amewaheshimu watu wake kuliko aliyewanunulia fulana zenye picha yake.

Ni vivyo hivyo majumbani. Tuna binti wanaotulelea watoto, nasi tunawaita kwa jina la kazi yao. Tuna walinzi tunaowapungia mkono kwa miaka bila kuuliza wametoka wapi. Tunapiga picha za harusi ambamo waliopika tangu usiku wa manane hawamo, au wamo pembeni, nusu uso. Hatuna kamera ya Joe May, ila kila mmoja wetu huamua kila siku ni nani awe katikati ya picha na ni nani awe sehemu ya mandhari. Nyanya yangu alikuwa na dawa ya jambo hilo. Kila aliyeingia boma lake, hata muuza sabuni, aliulizwa ni mtoto wa nani, na akapewa muda wa kujibu.

Basi nina ombi kwa wenzangu wa Karungu, na kwa msomaji popote alipo. Kila nyumba ina picha za zamani: kwenye fremu ukutani, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, kwenye bahasha ya stakabadhi. Zitoe wikendi hii. Mpelekee mkubwa wa ukoo, unyooshee kidole kila uso, kuanzia waliosimama nyuma kabisa, na muulize huyu ni mtoto wa nani. Andika jibu nyuma ya picha kwa penseli, maana wino huvuja, pamoja na mahali na mwaka kama unajulikana. Akikumbuka jambo ambalo mtu huyo alipenda kulisema, liandike pia, kwa maneno yaleyale.